Visima Havijui Programu

Juzi niko stesheneri Majengo, dada wa chuo kashika kichwa. Programu aliyopigia hesabu za visima vya Chamwino leseni imeisha, na kesho anawasilisha utafiti wake. Mwenzake kamwandikia hesabu upya kwa Python, lugha ya kompyuta ya bure, majibu yaleyale. Anaogopa tu mwalimu atakataa. Akampigia, kaweka spika, kasimama wima kabisa.

"Shikamoo mwalimu. Nimebadilisha programu."

"Marahaba. Majibu yamebadilika?"

"Hapana."

"Sasa binti, visima vinajua umetumia programu gani? Njoo kesho."

Dada akakaa juu ya boksi la karatasi, akacheka huku anafuta machozi.

Mimi kidato cha pili nilinyimwa maksi za jibu sahihi, kisa sikufuata njia ya mwalimu. Nikatoka pale mwepesi, kama nimefaulu mimi.