Namba Mlangoni kwa Mama

Mtu wa Manispaa nilikuwa namwogopa kuliko mwizi. Mwizi ukimpigia yowe hukimbia. Wa Manispaa ukimpigia yowe anaandika.

Chang'ombe ya wakati ule ilikuwa minazi na nyumba za udongo. Tulijua tu kwamba huko mjini liko baraza, wamekaa Wazungu, Wahindi na Waafrika wachache wenye makoti, wanaamua mambo yetu. Walituletea bomba la maji, sikatai. Lakini bwana afya wao aliumwaga mtungi wa mama ati una viluwiluwi vya mbu, na nyumba mbili karibu na soko zilipakwa alama nyekundu, mwezi haukwisha zikavunjwa. Basi asubuhi moja alipokuja karani wao, mtu mzima, na kopo la rangi nyekundu, roho iliniruka.

Mama alikuwa amekwenda mazikoni. Nyumba ilikuwa yake. Aliijenga baada ya kuachwa na baba, kuta alizikandika kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa mimi.

"Shikamoo, bwana. Hiyo ya nini?"

"Marahaba. Namba tu, binti. Tunaandikisha nyumba."

"Mnaziandikisha ili iweje?"

"Baraza limesema ziandikishwe. Mie natumwa tu."

Hizo "tu" zake mbili hazikunipendeza hata kidogo. Alichora namba mlangoni, akaiandika daftarini, akavuka kwenda kwa Mwarabu mwenye duka. Mwarabu akamkaribisha kahawa. Nikasema moyoni, hawa lao moja.

Rangi ilikuwa bado mbichi. Nilichukua jivu na kumbi la nazi, nikausugua mlango kama ninavyosugua sufuria, hata ukabaki mbao tupu. Mama aliporudi alinisifu kwa usafi.

Baada ya wiki chache alipita mkaguzi na daftari lile lile, akilinganisha mlango kwa mlango. Kwetu alitazama, akapiga mstari daftarini, akaendelea. Nilicheka peke yangu jikoni. Niliona tumepona.

Kumbe barabara ilikuwa inakuja. Zilivunjwa zote, zenye namba na yetu isiyo nayo. Wenye namba walipewa viwanja vingine huko mbele, na Mwarabu alipata chake. Mama akanishika mkono tukaenda ofisini kwao.

"Nyumba yenu haimo orodhani," akasema karani wa pale. "Mkaguzi hakukuta namba. Huenda mlijenga juzijuzi."

"Juzijuzi? Nyie mna macho kweli?" Mama akanigeukia. "Sema, mwanangu. Wewe ulikuwapo nyumbani kila siku. Walifika hawa kuandika namba, hawakufika?"

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, imefagiliwa vizuri.

"Hawakufika," nikasema.

Tulipanga chumba Temeke, na mama akafia humo. Hadi kufa kwake alimhadithia kila mgeni jinsi Manispaa ilivyomruka makusudi, akawataja wale Waafrika wenye makoti, akamalizia: "Kikulacho ki nguoni mwako." Mimi nilikuwa nakaa pembeni yake, nikimmiminia mgeni chai. Mama aliwashuku wote wa baraza, hata tarishi wao. Mimi hakunishuku hata siku moja.