Bukta ya Baba Nestori

Kosa langu naliungama mapema: nilimtangaza mtu kuwa anafuga misukule kwa sababu alikuwa na matope miguuni. Nilikuwa darasa la tano, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko akili iliyokuwamo.

Enzi zetu pale Matogoro, wa rika langu mnakumbuka, ruksa ya biashara huria ilishaingia na maduka yakajaa ghafla. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni ya mche tukaanza kunusa sabuni za kila rangi. Raha ilikuwepo, na wasiwasi pia. Kila mwenye duka lililojaa aliulizwa chinichini amepata wapi. Baba Nestori alikuwa na duka la namna hiyo, dirisha moja na rafu tatu. Mtu wa kanisa kabisa, suruali ya pasi hata siku ya kazi, na jumuiya yetu ya sala ilikuwa inajiandaa kumchagua awe mwenyekiti.

Asubuhi moja ya ukungu nilipanda mlimani kuokota masuku, matunda ya porini. Nikamkuta njiani anatoka msituni, anahema, kiroba begani, matope mpaka magotini, anahangaika kuvaa suruali.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe hujaniona, eh?"

Jioni akanipa pipi mbili za bure. Nilizila zote, halafu nikasema nyumbani na bombani: huyu anafuga misukule.

Mama alikuwa na msemo wake: "Macho yako yawe kwenye mboga unayochuma, siyo kwenye miguu ya watu." Lakini hata yeye alisikiliza mpaka mwisho. Nilimvizia mzee asubuhi mbili zaidi, akawa anatoka kulekule, kiroba kilekile. Bombani akina mama walimalizia wenyewe: ana misukule kule juu, inamlimia, ndiyo maana duka halipungui. Kabla mwezi haujaisha watu walilipita dirisha lake bila kugeuza shingo, wakafuata sukari mjini kwa miguu.

Siku ya uchaguzi jumuiya ilisali kwetu. Baada ya somo, jirani yetu Mama Hilda, ambaye hajawahi kumung'unya neno, akainuka.

"Kabla hatujanyoosha mikono, Baba Nestori atuambie alfajiri anafuata nini mlimani."

Mzee akatoka. Mimi dirishani nikajua amekimbia, na kumbe nilikuwa karibu na ukweli. Akarudi na kiroba, akakimwaga mkekani: bukta ya bluu iliyopauka na viatu vya misumari, kimoja hakina kamba.

"Ujanani niliuwakilisha mkoa huu, mbio ndefu," alisema, macho chini. "Sijaacha. Sasa mzee mzima wa kanisa, mngeyaona mapaja yangu, mngenipa heshima gani?"

Mama akacheka mpaka akashika mlango, na nyumba nzima ikamfuata. Mikono ikanyooshwa yote. Wateja wakarudi kesho yake.

Ila kesho yake hiyohiyo watoto tulijipanga njiani tangu giza, mimi mbele, tukipiga debe: "Kimbia, Baba Nestori! Mapaja hayo!" Siku ya nne hakupita. Wala ya tano. Hakupita tena. Likaja tumbo, baadaye fimbo.

Siku hizi vijana wanakimbia kwenye lami, nguo zimefanana hadi soksi, wanasimama kila hatua kumi kujipiga picha. Hakuna anayewauliza wanatoka wapi. Ningetamani mzee angezaliwa sasa, ingawa sisi tuliokuwa tunashuku kila kitu angalau tulikuwa tunatazamana. Leo unaweza kutoka msituni na kiroba mwaka mzima, jirani asikuone.

Majuzi nikamsimulia Mama Hilda haya yote, nikiwa kwenye kiti changu cha barazani, kile ambacho kimeshashika umbo langu. Alikuwa anachambua maharage. Akanitazama kuanzia tumboni, akasema: "Yule mzee ulimkalisha wewe, halafu na wewe mwenyewe ukakaa."