Mitetea ya Mwanamvua

Magoti ndiyo yaliyomwondoa Mwanamvua stendi ya Mlandizi. Alikaanga maandazi pale miaka kumi na tisa, mpaka asubuhi moja akashindwa kuinuka kwenye kigoda. Akarudi Kibuta kwa mumewe, Mwinjuma, akajengesha banda na kuleta vifaranga mia na hamsini wa kuku wa mayai.

Hakubahatisha. Ambokile, bwana mifugo, alimweleza mara moja tu, naye akashika: wiki nane za mwanzo chakula cha vifaranga, kisha cha kukuzia mpaka wakaribie kutaga, kwenye wiki ya kumi na nane hivi. Hapo ndipo wapewe cha kutagia.

"Cha kutagia kina chokaa nyingi, mama, ya kutengenezea ganda la yai," Ambokile alisema. "Mtetea asiyetaga ataipeleka wapi? Inamharibia figo."

Mitetea walipofika wiki ya kumi, binti yake Zawadi alijifungua huko Soga. Ilibidi Mwanamvua aende kumlea mzazi siku arobaini. Kabla ya kuondoka alimwonyesha mumewe magunia.

"Baba Zawadi, haya ya kukuzia ndiyo yao. Usiwabadilishie mpaka nirudi."

"Kwani mimi mtoto?"

Mwinjuma hakuwahi kufagia banda lile hata siku moja. Lakini kwenye baraza ya kahawa alikuwa amejigamba kwamba Ramadhani ikiingia, mtaa mzima utafuturu kwa mayai yake. Kila alipokaa wenzake wakamuuliza, "Vipi, wameshataga?" Maneno yakamchoma. Mke hajamaliza wiki moja Soga, Mwinjuma akayarudisha magunia dukani, akachukua ya kutagia.

Mwanamvua akipiga simu, "Wanakula nini?"

"Chakula."

Aliporudi alikuta vilemba vya mitetea vimekuwa vyekundu kabla ya wakati wake. Kwenye kona palikuwa na yai moja, dogo kama la njiwa. Kando yake mitetea watatu wamekufa, na wengine wamejikunyata, kinyesi chao maji meupe. Mmoja alikuwa ametokwa na utumbo nyuma kwa kulazimisha yai, wenzake wanamdonoa akiwa hai. Mwanamvua alimtoa, akamchinja mwenyewe.

Ambokile alikuja akapasua mmoja wa wale waliokufa. Figo zilikuwa zimevimba, zimejaa kitu cheupe kama unga wa chaki.

"Nani aliwabadilishia?"

Mwanamvua alimtazama mumewe.

"Hivi chakula cha bei kubwa nacho kinaua kuku?" Mwinjuma aliuliza, kwa hasira ya mtu aliyeonewa.

Wakarudishiwa chakula cha kukuzia, lakini figo iliyokwisha kuharibika hairudi. Mwezi ulipoisha walikuwa wamekufa zaidi ya sitini. Waliobaki wengi walidumaa.

Hilo angeweza kulimeza. Kisha jirani yao Kondo akaja kumpa pole.

"Pole sana shemeji. Ila kuku hawaachwi hivihivi. Mwinjuma katuambia uliondoka hukumwachia hata neno."

Mchana ule Mwanamvua alimngoja mumewe amalize kula.

"Uliwaambia sikukuachia maelekezo?"

"Ulitaka niwaambieje?"

"Ungewaambia ulichofanya."

Mwinjuma alinawa mikono, akatoka kwenda kwenye kahawa.

Mwanamvua aliwauza waliobaki kwa muuza chipsi, akafunga nguo zake na kwenda Soga. Nyuma ya nyumba ya Zawadi akaanza upya na vifaranga hamsini, na safari hii ufunguo wa stoo ya chakula aliuvaa shingoni. Hawa walitaga vizuri.

Mwaka uliofuata Mwinjuma aliwatembelea Sikukuu ya Idi. Walimwandalia chai na mayai ya kukaanga. Alikula, akafuta mdomo, akamgeukia mkwewe, mume wa Zawadi.

"Mama yenu huyu," alisema, "mimi ndiye niliyemfundisha kufuga."

Mwanamvua alikuwa mlangoni, anamenya vitunguu. Alisikia. Akaendelea kumenya.