Kura ya Saba ya Mtaro

Asio alikuwa na kibanda cha chai Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani, pale mtaro unapotokeza chini ya barabara ya malori. Alizaliwa Molo ya Tororo, akaolewa Kirewa, na mumewe alipofariki akahamia mjini na sufuria mbili na mdomo usiojua kunyamaza. Wateja walimwita Toto, maana yake mama kwa Kiteso. Wakenya wageni walipata taabu kumwita hivyo mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye mabega ya mpakia magunia, lakini walizoea.

Aprili ile mvua ilinyesha kutwa na kucha, na asubuhi ya siku ya pili mtaro ukatapika. Maji yaliingia kibandani, yakazima moto, yakanyanyua benchi na dereva mmoja aliyekuwa amelikalia. Yule bwana alisafiri hivyo mpaka kwa kinyozi wa jirani, kikombe mkononi, akashuka, akarudi kwa miguu kudai andazi lake. Benchi lenyewe halikurudi.

Ilikuwa mara ya nne kwa miaka miwili. Asio akajifunga leso, akaenda kwa Eibu, mhandisi wa mitaro upande wa Uganda.

"Toto, maji hii inatoka Kenya," Eibu alisema. "Mimi siwezi kwenda kuchimba Kenya."

Asio akavuka mpaka, akamkuta Rasto, mwenzake Eibu upande wa Kenya, mtu mpole aliyependa viatu vilivyong'aa.

"Mama, yakishavuka pale si yetu tena," Rasto alimweleza. "Hayo ni ya Uganda."

"Kwa hiyo ikivuka inapewa uraia?"

Rasto aliinama kufuta vumbi kwenye kiatu.

Kesho yake Asio alichota maji ya matope kutoka kibandani, akajaza ndoo, akaiweka kichwani na kuelekea mpakani. Afisa wa forodha alimsimamisha.

"Umebeba nini?"

"Maji ya Kenya. Narudisha kwao."

"Una karatasi zake?"

"Yenyewe ilikuja kwangu na karatasi?"

Afisa alifungua orodha yake ya bidhaa. Kulikuwa na mahindi, mayai, samaki wabichi na wakavu. Maji ya mvua hayakuwamo. Nyuma ya Asio watu walianza kupiga kelele, na dereva mmoja akalalia honi. Afisa akampungia mkono apite. Asio alikwenda moja kwa moja akaitua ndoo juu ya meza ya Rasto, na kabla ya kusema lolote Rasto aliinua miguu yake.

"Mzigo wenu huo," Asio alisema, akaondoka.

Siku iliyofuata walikuja wanawake wanane na ndoo zao. Siku ya tatu hazikuhesabika tena. Zilijaa kwenye korido hadi mlango wa choo, na wafanyakazi wakawa wanapita kiubavu. Rasto akampigia simu Eibu. Walikuwa wamefanya kazi ileile miaka tisa, ofisi zao zikiwa umbali wa kutembea tu, na hawakuwa wamewahi kuonana.

Walikutana kwa Asio, wakanywa chai wamesimama kwa kukosa benchi. Kisha walitembea kuufuata mtaro toka juu kwenye soko la Kenya hadi chini kwenye mashamba ya Uganda, na jioni, gambuti zao zikiwa nzito kwa tope, walikubaliana kwamba hakuna upande unaoweza kuutengeneza peke yake. Huko Malaba, mpaka mwingine upande wa Tororo, hadithi ilikuwa ileile. Kilichohitajika ni chombo kimoja ambacho mipaka yake ingefuata maji, yanakotoka na yanakokwenda.

Mkutano wa kukiunda ulifanyika Tororo, ukiongozwa na Ikiring, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Sop Sop. Asio alialikwa kama mwathirika. Asubuhi nzima iliishia kwenye jina, kwa kuwa kila upande ulitaka nchi yake itangulie. Ikiring aligonga meza.

"Iitwe Mamlaka ya Mitaro ya Mpakani, na twende tukale."

Baada ya chakula wakafika kwenye viti. Mmoja alitaka vigawanywe kwa idadi ya watu, mwingine kwa ukubwa wa ardhi. Rasto akasimama.

"Vigawanywe kwa wingi wa maji. Sisi ndio tunaotoa maji mengi zaidi."

Eibu aliruka kitini. "Si juzi ulisema hayo si maji yenu?"

Ukumbi ulicheka mpaka Rasto naye akacheka. Mwisho wakaafikiana: wajumbe watatu Kenya, Rasto akiwamo, na watatu Uganda, mmoja wao akitoka Tororo.

"Na kura zikifungana?" Ikiring aliuliza.

Ilibidi apatikane wa saba, asiye wa upande wowote. Yalitajwa majina ya mapadri, wachungaji na daktari wa mifugo; kila jina lilikataliwa na nusu ya ukumbi.

"Yule mama wa ndoo je?" Rasto alisema kwa uchovu. "Ametusumbua vibaya sana."

"Hata sisi ametusumbua," Eibu alisema.

Ikiring aliandika haraka kwamba pande zote mbili zimekubaliana. Lilikuwa jambo la kwanza kukubalika bila ubishi tangu asubuhi.

"Nani? Mimi?" Asio alisema, mdomo umejaa wali alioubakiza mchana. "Mimi nilikuja kuuliza benchi yangu."

Kura ya kwanza ya Mamlaka, palepale ukumbini, ilihusu mahali pa kuanzia kuchimba. Wakenya walitaka kuanzia juu, Waganda chini. Tatu kwa tatu. Wote wakamgeukia Asio. Aliigeuza ramani mara mbili, kisha akaiacha.

"Mkifungua juu kwanza, maji inakuja pole pole ama mbio?"

"Mbio," Eibu alisema.

"Na chini bado imeziba?"

"Ndiyo."

"Basi mnataka kutuua. Naanza chini."

Eibu alikohoa. Kuanzia chini kulimaanisha kupanua mtaro mita mbili kila upande, na vilivyomo vingebomolewa. Alisoma orodha: kinyozi, choo kimoja, na kibanda cha chai, mwenyewe Asio.

Hapo mjumbe mmoja wa Kenya akafungua kanuni walizozipitisha saa moja tu kabla: mjumbe mwenye masilahi katika jambo asilipigie kura.

"Masilahi gani?" Asio alipaza sauti. "Mimi ndiye navunjiwa!"

"Hasara nayo inahesabika, Mama Asio," Ikiring alisema kwa masikitiko. "Tafadhali subiri nje."

Akatoka. Wakapiga kura tena, tatu kwa tatu. Wakabishana, wakapiga tena, ikawa vilevile. Rasto alitoka kunyoosha miguu, akamkuta Asio amekaa kwenye ngazi, kimya, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Mama, ukitaka tuanze juu, kibanda chako kinabaki."

"Hiyo kibanda nilijenga mimi mwenyewe, misumari yote," Asio alisema. "Inaniuma. Lakini maji imeingia kwa watu wote pale, si kwangu peke yangu. Anza chini, mwanangu."

Rasto alirudi ndani, akanyoosha mkono pamoja na Waganda. Nne kwa mbili. Wenzake wawili hawakumsemesha njia nzima hadi Busia.

Asubuhi ya kubomoa, wafanyakazi walimkuta Asio amekwisha kukivunja kibanda mwenyewe na kuvuka barabara na mbao zake. Walipoanza kuchimba, alisimama ukingoni kutwa akikagua kina cha mtaro, hata msimamizi akamwomba Eibu amtafutie mama huyo kikao cha kuhudhuria.

Mvua ya Oktoba ilianza saa nne asubuhi. Rasto na Eibu walikuja kuangalia, wakajibanza kwa Asio. Maji yalishuka kutoka Kenya yakinguruma, yakapita chini ya barabara, yakateremka ndani ya mtaro bila kugusa ukingo. Kisha Asio akapiga kigelegele kilichowashtua hata madereva.

Eibu alipokea kikombe chake, na tone zito likadondoka ndani yake. Paa la kibanda kipya lilikuwa linavuja. Eibu na Rasto wakatazamana.

"Hiyo si ya Mamlaka," Asio alisema, akapanda juu ya kreti na kipande cha nailoni kulifunika.