Hodi Kwenye Friza

Fundi wa maabara yetu hapa London ni mama wa Kipemba anayekuja kwa treni kutoka Harrow. Hupima ukoga wa kijani unaoota kwenye vijito vya barafu inayoyeyuka kule ncha ya kusini ya dunia. Huletewa vipande vyake vilivyokauka, vyeusi kama ukoko wa wali ulioungua. Kabla ya kufungua friza vinamohifadhiwa hubisha hodi, mkono mlangoni, kwa sauti ndogo ya mtu anayejua kwamba ndani wamelala. Husubiri kidogo, ndipo afungue.

Juzi mkubwa wetu aliagiza kipande kimoja kitupwe, maana kimekaa kikavu miaka mingi. "Mama, kimekufa hicho," nikamwambia. "Kwani mtu akichelewa kuitika ndiyo keshakufa?" akanijibu. Akakidondoshea maji, akakiwashia taa, akaketi mbele yake. Hata chai hakwenda kunywa. Mchana viputo vidogo vya hewa, kama pumzi, vikaanza kupanda kutoka kwenye ule weusi. Hakuniita nije kuona. Aliweka sawa mtandio wake, kama mgeni aliyefunguliwa mlango, akainama, akasema, "Habari za siku nyingi?"