Mechi ya Kumi na Mashine ya Sebuleni

Mashine ya gemu iliyowaka muda mrefu hutoa harufu ya vumbi la moto, na nyumbani kwetu Katindiuka, kwenye bonde la mto, harufu hiyo ilichanganyika na ile ya magunia ya mpunga yaliyorundikwa sebuleni. Mjomba aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miwa Kidatu ndiye aliyetuletea: kubwa, nzito, isiyofaa kitu bila televisheni na umeme wa ukutani. Kaka yangu Deo na mimi tukaanzisha ligi ya mechi kumi za mpira. Tulicheza tisa, yeye alishinda tano, mimi nne. Baada ya mavuno angekwenda bweni, kidato cha tano, mkoa wa mbali, na mimi sikutaka kabisa aondoke akijiita bingwa.

Ndipo mpunga ukatoa masuke, na kama familia nyingine za bondeni tukafunga nyumba, tukahamia shambani kuamia ndege. Wiki nzima nilikaa juu ya dungu, jukwaa la miti, nikipiga debe na kurusha udongo kwa kombeo, nikiwalaani kweleakwelea, na zaidi yao nikiilaani mashine ile iliyofungwa ukutani kama mbuzi kambani. Deo akasema penye nia pana njia: jirani yetu wa shambani, mfugaji wa Kisukuma, alikuwa na televisheni ndogo na umeme wa sola wa kuchomekea. Tukaifuata mashine nyumbani kwa baiskeli. Wakati wa kurudi mvua ikatukuta njiani.

"Shikamoo mzee. Tunaomba kuchomeka gemu," Deo alimwambia jirani.

"Marahaba. Mbona limelowa hivyo? Kalizikeni kwenye mchele kwanza, unyonye maji."

Mchele hatukuwa nao, tulikuwa na mpunga. Tukaona ni mamoja, tukaizika kwenye gunia siku mbili. Makapi na vumbi vikaingia kila tundu. Tulipoiwasha ilikoroma, ikatoa moshi, basi. Nililia kwa hasira, na hata leo nikikumbuka nakasirika upya. Majuto ni mjukuu. Deo akaondoka bingwa.

Siku hizi watu hubishana ipi ina maisha marefu, mashine ya sebuleni au ile chotara, unayocheza mkononi safarini na kuichomeka kwenye televisheni ukifika nyumbani. Mimi nilinunua chotara bila kusita. Naicheza hadi Lupiro, ng'ambo ya mto, nikisimamia shamba langu.

"Hicho kidude cha watoto," Deo hunitania kwa simu kutoka Dar es Salaam, aliko na yake ya sebuleni.

"Ya kwako inasubiri umeme urudi," namjibu.

Mwaka huu nikamwambia, kaka, tumalize ligi. Kila mmoja akanunua gemu la mpira, jina lilelile. Tukahangaika Jumapili nzima kuunganishana mtandaoni, yeye kule, mimi huku, mpaka fundi akatueleza kwamba mashine zetu zimetengenezwa na kampuni tofauti, na kwenye gemu hilo hazikutani. Naweza kucheza na mgeni wa upande wa pili wa dunia, nisiyemjua hata jina. Kaka yangu siwezi.