Hukumu Iliyokuja kwa Miguu

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi Karatu na nakala ya Katiba kwenye mfuko wa kitenge. Redio ilikuwa imetangaza kwamba haki zetu zimeandikwa ndani yake, nami niliamini kurasa zile zingemwokolea mama shamba la Qurus. Alikuwa amelilima miaka yote aliyomuuguza babu, baba yake mzazi. Babu alipofariki, baba mdogo wa mama akafungulia ng'ombe mahindini.

"Binti harithi ardhi ya ukoo," alisema.

Mahakamani, hakimu aliipokea Katiba yangu kwa mikono miwili, akaifungua, akanirudishia.

"Nzuri sana, mwanangu. Ila haijafika kwenye meza hii. Hapa tunafuata mila, na tulivyowaamulia waliotangulia."

Nilitaka kulia. Mama akasema, "Mheshimiwa, nipe wiki moja nikawalete waliotangulia."

Majalada ya zamani yalikuwa yameliwa na mchwa. Kwa hiyo mama alitembea hadi kijiji cha Daa, akarudi na bibi mmoja ambaye zamani mahakama ileile ilimwachia shamba la baba yake mpaka wanawe wakue.

"Hii ni kesi au ni bibi?" baba mdogo akacheka.

"Ni kesi," bibi akajibu, akimnyooshea fimbo mzee wa baraza aliyeketi kando ya hakimu. "Mwulizeni huyo. Ndiye aliyeshauri, enzi zile ana meno."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Ni kweli. Nilisema aliyemuuguza baba hafukuzwi shambani kwake."

"Na leo, mzee?" hakimu akauliza.

Alimtazama mama, kisha bibi. "Siwezi kumpa huyu pungufu ya yule."

Mama akapewa shamba alilime mpaka kufa kwake, asiliuze. Nilinung'unika njia nzima: mwanamume angepewa lote.

"Bibi alipewa mpaka wanawe wakue," mama alisema. "Mimi mpaka nife. Huoni kwamba haki inatembea?"

Sikuona. Nilidhani haki hushuka mara moja, kama mvua ya mawe.

Miaka michache baadaye, wakati wa palizi, mwanamke nisiyemjua alisimama uani kwetu, viatu mkononi, miguu imejaa tope.

"Shikamoo mama. Nimekufuata. Kesi yangu ni Jumatatu, nami nataka nipewe kama kaka zangu."

Mama aliweka jembe chini, akaenda kutafuta khanga safi. Mlangoni akanigeukia.

"Na kile kitabu chako kibebe. Huenda sasa kimefika."